«Daktari, mimi kelele nimezoea»

Katika chumba changu cha kupimia usikivu hapa Nairobi, hayo ndiyo maneno ninayoyasikia mara nyingi kutoka kwa mafundi. Huyatamka kwa fahari kidogo, kama mtu anayejisifu kwamba pilipili haimwashi tena. Lakini sikio haliwi sugu kama kiganja cha mkono. Anayeona kelele za kazini zimepungua makali, mara nyingi ni usikivu wake uliopungua.

Wa karibuni kuniambia hivyo ni mzee mmoja wa Kamukunji, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 amekuwa akigonga mabati na kuunda masanduku ya wanafunzi wa bweni. Aliletwa na bintiye, ingawa kwa maoni yake mwenye tatizo hakuwa yeye bali watu wa siku hizi, ambao hunong'ona. Binti akanieleza kwamba baba akiambiwa «shaba», yeye husikia «saba». Nilipata fununu ya jibu kabla sijawasha mashine, kwa sababu irabu, zenye nguvu na masafa ya chini (sauti nzito), humfikia bado, ilhali s, sh, f na th hutegemea masafa ya juu (sauti nyembamba), na huko ndiko kelele huanza kula. Grafu ya usikivu wake ilikuwa na bonde kwenye hezi 4,000 (hezi ni kipimo cha masafa), kisha ikapanda kidogo kwenye 8,000. Uzee peke yake kwa kawaida hauchimbi bonde. Huuteremsha mstari moja kwa moja.

Ndani ya koklea, kiungo cha sikio la ndani kilichojikunja kama konokono na kujaa majimaji, mna seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo ambavyo hutikiswa na sauti ili seli zitume ishara kwenye ubongo. Kelele kali huzichosha seli hizo, na ndiyo maana anayeshuka kwenye matatu yenye muziki wa kutetemesha vioo huhisi masikio yameziba, kisha asubuhi huamka akidhani hakuna lililotokea. Baadhi ya seli hupata nafuu. Zinazokufa, kwa binadamu, hazioti tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Kifaa cha kusaidia kusikia hukuza sauti tu.

Kinachodhuru ni ukali wa sauti, unaopimwa kwa desibeli, pamoja na muda. Kipimo tunachokifuata wengi wetu ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda hupungua kwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, hadi 100 kwa dakika 15 tu. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini huruhusu desibeli 90 kwa saa 8, kiwango ambacho mimi nakiona kikubwa mno. Isitoshe, kanuni hizo humtwika mwajiri jukumu la kumpimisha mfanyakazi usikivu, na fundi wa jua kali aliyejiajiri atapelekwa na nani?

Nilipompa mzee viziba masikio vya sponji, alisita. «Nikiziba, nitajuaje bati limekaa sawa? Mimi hulisikiliza.» Lilikuwa swali la fundi hasa, nami sikulipuuza. Pamba, ambayo wenzake hutumia, huzuia kelele kidogo sana. Sponji husokotwa ikawa nyembamba, sikio likavutwa juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, ikaingizwa na kushikiliwa hadi ivimbe. Hupunguza sauti bila kuizima. Akavivaa, nami nikagonga kabati langu la chuma kwa funguo, kwanza mahali palipo imara, kisha pale palipobonyea. Alifumba macho, akaniomba nirudie.

«Hapo pamelegea,» akasema, akinyosha kidole mahali penyewe.

Akaondoka na jozi 3.