Gereji ndani ya singeli

Mimi ni DJ wa harusi, na juzi nimenunua nyimbo sita kutoka lebo moja ndogo ya Uingereza, ya watu wachache wasio na kampuni kubwa nyuma yao. Nne ni hausi, mbili gereji, mitindo miwili ya muziki wa kudansi. Kuzishusha hapa Shangani, Mtwara, kumekula bando langu lote, maana nachukua WAV, mafaili mazito yasiyobanwa. MP3 mbovu kwenye spika za harusi haijifichi: matoazi yanalia kama mchanga ndani ya sufuria.

Wenzangu wananiuliza, Mtwara nani anacheza hausi? Nawajibu kwa hesabu. Singeli inakimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Hausi nyingi ziko 120 hadi 128. Chukua singeli ya 248, igawe kwa mbili, unapata 124: pigo moja la hausi kwa kila mapigo mawili ya singeli. Zinaingiana kama mguu na kiatu chake.

Hilo nililijua kwa aibu. Harusini Mikindani, singeli ikiwa 260, ambayo nusu yake ni 130, nikatumbukiza hausi ya 118. Wote wakaacha kucheza. Shangazi wa bwana harusi akanifuata mezani: "Mwanangu, umeme umepungua?"

Tangu siku hiyo nanunua kwa kuangalia namba kwanza. Mojawapo ya gereji hizi mpya iko 132, na singeli ya 264 ninayo.

Majina yote mawili yametoka kwenye kumbi za Marekani. Hausi ni Warehouse ya Chicago, alikoanza kupiga DJ Frankie Knuckles mwaka 1977. Gereji ni Paradise Garage ya New York, ukumbi wa DJ Larry Levan uliofungwa 1987. Jengo lenyewe lilikuwa gereji ya magari kweli. Miaka ya 1990 London wakauchukua muziki huo wa gereji, wakaongeza mwendo, kisha wakafanya jambo ninalolipenda kuliko yote: wakang'oa baadhi ya kiki. (Kiki ni lile pigo zito la ngoma, siyo ile ya mastaa wa Bongo.)

Jaribu mezani. Ngumi ndiyo kiki. Hausi ni ngumi kila pigo: moja, mbili, tatu, nne, bila kuruka. Sasa piga gereji ya London. Ngumi kwenye moja, kofi kwenye mbili. Kwenye tatu usipige kitu, subiri nusu pigo, ndipo ushushe ngumi, halafu kofi kwenye nne. Umeisikia ile tatu tupu? Besi ndiyo inaingia hapo, na matoazi juu yake yanachechemea, yanachelewa kidogo makusudi. Hausi inaanzia miguuni. Hii inaanzia mabegani, na kwa macho yangu, waliokulia kwenye ngoma za jando huku kwetu hawahitaji kufundishwa.

Kwenye ile ya 132, sauti ya mwimbaji wameikatakata silabi silabi mpaka imekuwa kinanda. Kuna na toleo lisilo na mwimbaji kabisa. Hilo ndilo nalitaka zaidi, kwa sababu MC wa singeli anapata pa kusimama.

Hausi tatu ni nzuri, za kawaida, zitafanya kazi. Ya nne bado inanishinda. Ina dakika nzima ya kinanda kabla kiki haijaingia, na harusini dakika hiyo inamtosha MC kuita wajomba wote mbele na zawadi zao.