Mwili hauuzi kihamba: nishati, njaa na uzito wetu

Desemba watu wakianza kurudi nyumbani na harusi zikapangana kila Jumamosi, mizani ya kliniki yetu ya lishe hapa Moshi huona mengi. Mwaka jana alikuja mama mmoja anatabasamu mpaka magego yanaonekana. Alikuwa amepungua kilo 4 kwa siku tisa. Asubuhi maji ya limau na tango, mchana yai moja la kuchemsha, jioni supu ya kabichi. Harusi ya binti yake ilikuwa imekaribia na gauni lilishashonwa, hivyo mwili ndio uliotakiwa kulifuata gauni.

Februari akarudi. Mizani ikasoma kilo 5 zaidi ya siku ile. "Daktari," aliniambia (mimi ni afisa lishe, lakini hapa kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari, nimeshaacha kubisha), "hizi kilo zimetoka wapi, na mimi nakula kilekile nilichokuwa nakula siku zote?"

Nikamwambia, mama, tuanze na zile nne zilizoondoka.

Mwili una akiba mbili za nishati. Ya kwanza ni ndogo na iko karibu: sukari iliyofungashwa kwenye ini na misuli, inayoitwa glaikojeni. Ini huhifadhi kama gramu 100, misuli yote kwa pamoja kama gramu 400. Kila gramu ya glaikojeni hukaa na takriban gramu 3 za maji. Ukiacha kula wanga kwa siku mbili tatu, akiba hiyo inatumika na maji yake yanatoka kwenye mkojo. Hapo kilo 2 zimeshaondoka na bado hujagusa mafuta. Ongeza utumbo uliobaki mtupu na chumvi iliyopungua mwilini, mizani inashuka tena.

Akiba ya pili ni mafuta. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700 (kalori tunazozitaja mtaani ni zile wataalamu wanazoziita kilokalori). Tuseme mama yule angefunga kabisa siku zote tisa, asile hata hilo yai, na mwili wake unatumia kalori 2,000 kwa siku. Jumla ni 18,000. Hiyo ni kama kilo 2 na ushee za mafuta, kwa mtu asiyekula chochote. Yeye alikuwa anakula. Kwa hiyo sehemu kubwa ya zile kilo 4 ilikuwa maji, na sahani ya kwanza ya pilau ya harusi ilianza kuyarudisha.

Hilo halielezi kilo ya ziada aliyokuja nayo Februari. Ili kuielewa, fikiria kihamba, lile shamba la migomba ambalo Mchaga hurithi kwa mababu. Mtu wa huku akibanwa atauza gari, atauza ng'ombe, hata duka la mjini ataliachia. Kihamba hauzi. Atakula mara moja kwa siku, atavaa viraka, atakopa kikoba, ila migomba ya babu haiguswi mpaka kila njia nyingine ishindikane. Mwili unayatazama mafuta yake kwa jicho hilohilo, na haujali kama umezidiwa na kitambi au la. Sehemu kubwa ya historia ya binadamu njaa ndiyo iliyoua watu, na mwili umerithi hofu hiyo.

Sasa tuone matumizi yenyewe. Ukilala kitandani kutwa nzima bila kuinua hata kidole, bado mwili unatumia nishati: moyo unapiga, figo zinachuja, ini linafanya kazi kama kiwanda, joto linabaki nyuzi 37. Kwa watu wengi matumizi haya ya kuishi tu huchukua asilimia 60 hadi 70 ya nishati yote ya siku. Kumeng'enya chakula huchukua kama asilimia 10. Kinachobaki ndicho kinachoenda kwenye kutembea, kulima, kufua na kupanda ngazi.

Ubongo una kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula kama asilimia 20 ya nishati ya mtu aliyepumzika. Kilo moja ya moyo au figo hutumia zaidi ya kalori 400 kwa siku. Kilo moja ya misuli iliyopumzika hutumia kama 13, na ya mafuta haifiki 5. Vijana wa jimu huwa hawapendi nikifika hapa, maana wameambiwa misuli itawachomea mafuta wakiwa usingizini. Jenga kilo 2 za misuli, jambo linaloweza kuchukua miezi, na utakuwa umeongeza matumizi ya kalori 26 kwa siku. Hiyo ni robo ya ndizi mbivu. Misuli ina faida zake, hasa kwa sukari ya damu na kwa mifupa ya uzeeni, ila hiyo si mojawapo.

Kingine ninachosikia kila wiki: "Nilipovuka arobaini mwili uligoma." Mwaka 2021 watafiti walikusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wa siku nane hadi wazee wa miaka 95. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nishati hayabadiliki kati ya miaka 20 na 60. Yanaanza kushuka baada ya 60, tena polepole. Kinachobadilika ukifika arobaini ni maisha: kiti cha ofisi, gari, vikao vyenye soda na sambusa, na usingizi uliopungua.

Kuhusu mazoezi, ushahidi ulionishangaza zaidi haukutoka mbali. Ulitoka kwa Wahadzabe, jirani zetu wa bonde la Ziwa Eyasi, ukishapita Karatu. Ni miongoni mwa watu wachache duniani ambao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mtaalamu wa Marekani, Herman Pontzer, na wenzake waliwapima watu wazima 30 na kutoa matokeo mwaka 2012. Kipimo chenyewe ni kizuri. Unakunywa maji ambayo haidrojeni na oksijeni yake ni nzito kidogo kuliko kawaida, yasiyo na madhara. Haidrojeni ile hutoka mwilini kama maji tu, jasho au mkojo. Oksijeni hutoka kama maji na pia kama hewa ya kaboni unayopumua. Kwa kulinganisha kasi ya kutoka kwa hizo mbili kwenye mkojo wa siku kadhaa, unajua mtu ametoa hewa ya kaboni kiasi gani, yaani amechoma nishati kiasi gani, huku akiendelea na shughuli zake porini.

Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11 na ushee kwa siku, wanawake karibu 6. Kila mtu alitarajia watatumia nishati nyingi kuliko watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda kwenye viti. Hawakutofautiana. Ukishazingatia ukubwa wa miili, matumizi ya siku nzima yalikuwa yaleyale.

Inawezekanaje? Maelezo ambayo Pontzer anayatetea ni kwamba mwili una bajeti. Ukizoea kutumia nyingi kwenye miguu, unabana kwingine: unapunguza uvimbe wa ndani ya tishu (inflamesheni) usio na kazi, unapunguza homoni za msongo. Wapo wanaobishana naye juu ya ukubwa wa mbano huo, lakini jambo lenyewe limeonekana pia katika tafiti za watu wanaoanza mazoezi: uzito hupungua kidogo kuliko hesabu ya kalori inavyoahidi.

Najua swali linalofuata, maana tuko Moshi. Na mpagazi je? Anayepanda na mzigo wa kilo 20 toka lango la Machame? Huyo kwa wiki ile anatumia kweli, na mara nyingi anashuka amepungua, kwa sababu kule juu hata hamu ya kula hupotea. Mbano wa bajeti huchukua muda kuliko safari moja ya mlima. Mwangalie akikaa nyumbani wiki mbili anavyorudisha uzito.

Kwa hiyo mazoezi hayafai? Yanafaa sana: kwa moyo, shinikizo la damu, sukari, usingizi, kichwa kutulia. Yanasaidia pia uzito uliokwisha kupungua usirudi. Dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi ndicho kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na kupandisha toka mjini kuelekea Kibosho ni zaidi ya kasi. Ninachopinga ni mtu kunywa soda ya mililita 350, yenye gramu 35 hivi za sukari, halafu akajiambia atatembea iishe. Ni karibu kilomita 3 kwa soda moja, kama mwili utakubali hesabu hiyo, na tumeona haukubali yote.

Turudi kwa kihamba na mlinzi wake. Mlinzi anakaa chini ya ubongo, kwenye sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, na hupokea taarifa kutoka pande mbili. Utumbo unamwambia kilichoingia leo. Mafuta yenyewe yanamwambia akiba iliyopo. Taarifa ya mafuta hubebwa na homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake huko New York, walipokuwa wakitafuta sababu ya panya fulani kunenepa kupita kiasi. Panya wale hawakuwa na leptini. Ubongo wao uliamini ghala ni tupu, nao wakala bila kikomo. Walipodungwa leptini waliacha. Watu wengi wenye kiribatumbo wao wana leptini tele, tatizo ni kwamba mlinzi amezoea kelele hizo na hasikii vizuri. Lakini mafuta yakipungua tu, leptini ikashuka, hapo anasikia mara moja. Anaongeza njaa, anapunguza matumizi. Grelini, homoni ya njaa inayotoka tumboni, nayo hupanda.

Wakati wa vita vya pili vya dunia, Chuo Kikuu cha Minnesota kilichukua vijana 36 waliojitolea, wakalishwa nusu shibe kwa wiki 24. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Miili ilipoa, mapigo ya moyo yakashuka, wakawa wanazungumza chakula tu, wengine wakilamba sahani. Waliporuhusiwa kula walikula kupita walivyokuwa wakila mwanzo, na mafuta yakarudi kwa wingi kuliko yalivyokuwa. Mama yetu wa Februari alifanya jaribio hilohilo kwa siku tisa. Ile kilo ya ziada ni mlinzi aliyeshtuka. Haikuwa ulafi wala uvivu, na nilimwambia hivyo kwa sababu shemeji yake alikuwa ameshamwambia kinyume.

Basi sahani ifanyweje? Mwaka 2019 Kevin Hall, mtafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani, aliwaweka watu 20 ndani kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vya viwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida vya kupika. Vilivyowekwa mezani vililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi, kila mtu akaachwa ale atakavyo. Kwenye vya viwandani walikula kama kalori 500 zaidi kila siku, na waliongezeka karibu kilo moja. Walivila haraka pia, na utumbo hauwahi kupeleka taarifa kwa anayekula haraka.

Kiburu cha ndizi na maharage kinakulazimisha kutafuna. Kina nyuzinyuzi, kina protini ya maharage, na protini ndiyo inayotumia nishati nyingi kumeng'enywa na ndiyo inayoshibisha kwa muda mrefu. Kinaharibika pale mpishi anapokimiminia mafuta bila kupima: kijiko kimoja kikubwa ni kalori 120, na mafuta hayajazi tumbo. Chipsi mayai ni mafuta yaliyobeba viazi. Mbege, pombe yetu ya ndizi, nayo isisahaulike. Pombe ina kalori 7 kwa gramu, na mwili ukiwa na pombe huichoma hiyo kwanza, mafuta ya nyama choma yakisubiri kuwekwa akiba.

Mama yule tulimbadilishia mambo matatu tu. Soda na juisi za paketi zilitoka nyumbani. Mafuta ya kupikia yakaanza kupimwa kwa kijiko. Chakula cha usiku kikasogezwa mapema, maharage au dagaa wakiwa wengi kuliko wanga. Sikumpa tarehe ya harusi yoyote. Kwa miezi mitano amepungua kilo 3, na kiuno kimeshuka kutoka sentimita 98 hadi 93. Mimi naangalia kiuno zaidi ya mizani. Kwa mwanamke kikivuka sentimita 88, na kwa mwanamume 102, hatari ya kisukari na moyo imepanda sana, hata kama watu wanamsifu kwamba ndoa imemkubali. Akisimama hapo kilo 3, nitaridhika.

Yupo mwingine anayekuja akiwa na furaha kuliko wote: amepungua bila kujaribu. Hajabadilisha chakula, hajaanza mazoezi, ila suruali zinadondoka. Mara nyingi anaamka usiku kukojoa na ana kiu isiyoisha, au ana kikohozi cha wiki kadhaa, au moyo unamwenda mbio na mikono inatetemeka. Huyo asipange foleni yangu. Aende kwa daktari leo apimwe sukari, makohozi na tezi ya shingo, kisha ndipo tuzungumze chakula.