Taka mbichi kwanza: kazi ndogo za jikoni na uani zinazopunguza taka za nyumba

Mtu anayeamua kupunguza taka za nyumbani kwake aghalabu huanza na chupa ya plastiki, kwa sababu ndiyo anayoiona ikielea pwani na ikizagaa mitaroni. Mimi, ambaye kazi yangu ni udongo na mboji, humwomba aanze na maganda ya muhogo. Taka mbichi za jikoni na majani ya uani ndizo zenye uzito mkubwa katika pipa la nyumba. Benki ya Dunia ilieleza mwaka 2018 kwamba mabaki ya chakula na majani ni zaidi ya nusu ya taka za miji katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na yeyote atakayeliangalia pipa lake katika mwezi wa Ramadhani, wakati nyumba inamenya muhogo, ndizi na viazi vikuu na kukuna nazi kila alasiri, ataiamini hesabu hiyo bila ya kuhitaji mizani.

Hata hivyo, uzito si sababu yangu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba taka mbichi ndizo zinazovigeuza vitu vingine kuwa taka. Karatasi, boksi, chupa, kopo na kipande cha kitambaa ni vitu vinavyoweza kutumika tena au kuuzwa kwa wanaonunua chakavu, lakini vikilala usiku mmoja ndani ya polo moja na mchuzi na matumbo ya samaki, hakuna atakayetaka kuvigusa. Mzigo huo kwa wakaazi wa mjini Unguja huishia jaa la Kibele, na kwa wengi wa mashamba huishia shimoni au motoni. Chakula kilichofukiwa jaani bila ya hewa hutoa gesi ya methani, ambayo katika kipindi cha miaka 100 hulipasha joto anga mara 28 hivi kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule. Maji machafu yanayochuruzika nayo hayana kizuizi kikubwa kwetu, kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi ya Unguja imekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye mianya, na humo humo ndimo yanamopita maji ya visima vyetu. Uchafu unaotupwa juu hufika chini haraka, na udongo haupati nafasi ya kuuchuja.

Kwa hiyo kazi ya mwanzo haihitaji ufundi: ni ndoo moja yenye kifuniko kwa vilivyo vibichi, na polo moja kwa vilivyo vikavu. Ndoo iwe karibu na mahali anapokaa mpishi, kwa sababu ikiwekwa mbali hakuna atakayeifuata wakati mikono imejaa maganda. Chini yake tandika majani makavu au karatasi iliyochanwachanwa ili inyonye maji, na imwage kila siku. Kwa hili pekee, kabla ya mboji yoyote, polo la vikavu litabaki safi na litachukua muda mrefu zaidi kujaa.

Sasa tufike kwenye mboji yenyewe, ambayo nitaieleza kwa urefu kwa sababu wengi hujaribu, wakaona inzi na harufu, kisha wakaacha. Viumbe wadogo wanaoozesha taka huhitaji kaboni kwa ajili ya nguvu na naitrojeni kwa ajili ya kujenga miili yao, na hufanya kazi vizuri zaidi wanapopata sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Maganda ya jikoni yana naitrojeni nyingi na maji mengi. Majani makavu ya mwembe, mfenesi au mshelisheli yana kaboni nyingi na huacha nafasi za kupitisha hewa. Kipimo ninachowafundisha watu ni cha ujazo, si cha uzito: kwa kila ndoo moja ya taka mbichi, weka ndoo mbili mpaka tatu za majani makavu. Nyumba nyingi hufagia majani hayo kila asubuhi na kuyachoma. Ningependa sana desturi hiyo ibadilike, kwani moto ule unateketeza kile kile kinachokosekana katika lundo linalonuka. Yajaze majani ndani ya mapolo wakati wa kaskazi, yanapoanguka kwa wingi na kukauka vizuri, uyaweke mahali pasiponyesha. Yatakufaa wakati wa masika.

Kuhusu chombo, sioni haja ya kununua pipa. Pakacha kubwa lililosukwa kwa kuti bichi linafaa kuliko ndoo ya plastiki, kwa sababu hewa hupenya pande zote, na likichakaa lenyewe huozea humo humo. Mwenye uwanja mpana na aweke lundo chini, lenye urefu, upana na kimo cha mita 1 hivi, kwa sababu lundo la kimo hicho huweza kuhifadhi joto lake na kufika nyuzi 55 za Selsiasi na zaidi, joto ambalo likidumu kwa siku kadhaa, na lundo likageuzwa ili kila sehemu ipate kukaa katikati, huua vijidudu vingi vya maradhi na mbegu za magugu. Chomeka kijiti kirefu cha chuma katikati, ukiache kwa dakika chache, kisha ukishike: kikiwa cha moto, mambo yanakwenda sawa. Pakacha dogo halifiki joto hilo. Mboji itapatikana, lakini polepole, na kwa sababu hiyo hiyo usitie humo kinyesi cha paka wala nepi za mtoto.

Unyevu hupimwa kwa mkono. Teka konzi moja uikamue: likitoka tone moja au mawili, pametosha, yakitiririka, ongeza majani makavu, ikiwa vumbi, nyunyizia maji. Wakati wa masika, kuanzia Machi mpaka Mei, funika kwa makuti, la sivyo mvua itajaza maji kila nafasi ya hewa na lundo litaoza kwa namna ile ile ya jaani. Harufu ya yai viza ina maana kwamba hewa imekosekana, basi geuza. Harufu kali inayochoma pua ina maana kwamba naitrojeni imezidi, basi ongeza majani. Lundo linalogeuzwa kila wiki moja au mbili katika joto la visiwa vyetu huwa tayari kwa miezi miwili hadi mitatu. Lisilogeuzwa huweza kuchukua nusu mwaka. Kabla ya kuitumia mboji, panda mbegu za mchicha ndani ya kopo lenye mboji kidogo iliyochanganywa na udongo. Miche ikitoka na kugeuka manjano, iache mboji iendelee kukomaa.

Yapo mabaki yanayohitaji uangalifu wa peke yake. Machicha ya nazi bado yana mafuta, hivyo yakitiwa kwa wingi hushikana, huzuia hewa na huita chungu. Wape kuku siku ile ile, au yatawanye kidogo kidogo juu ya majani. Maganda ya muhogo ni chakula kizuri cha mbuzi, ila lazima yaanikwe juani kwanza mpaka yakauke kabisa, kwa kuwa maganda mabichi, hasa ya muhogo mchungu, yana sumu ya sianidi. Mifupa na matumbo ya samaki yana naitrojeni nyingi sana, na ukiyaacha juu utawaalika kunguru, ndege ambao waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 na ambao wanaendelea kunenepa kwa taka zetu huku wakila mayai na makinda ya ndege wa asili. Yafukie katikati ya lundo au chini ya mgomba, kwa kina cha urefu wa mkono kutoka kiganja hadi kiwiko. Majivu ya kuni yanafaa kidogo kidogo katika kinongo, yaani udongo mwekundu wa mashamba ya magharibi, lakini mkaazi wa Jambiani au Makunduchi anayelima katika uwanda, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, asiyatie, kwa sababu udongo wake umekaa juu ya chokaa ya matumbawe na tayari una alkali ya kutosha. Yeye ndiye atakayefaidika zaidi na mboji. Udongo wake ni haba, umejikusanya katika mifuko baina ya mawe, na konzi chache za mboji katika mfuko mmoja hubadilisha kabisa uwezo wake wa kushika maji.

Makumbi ya nazi hayafai sana ndani ya lundo, kwani huoza polepole mno. Wanawake wa vijiji vya pwani wanaoyafukia makumbi mchangani kwa miezi na kuyaponda wapate usumba wa kusokotea kamba wamekuwa wakiitumia sifa hiyo ya ukaidi tangu zamani. Nyumbani, chambua makumbi makavu uyatandaze chini ya tungule (nyanya) na migomba ili yahifadhi unyevu; yakiwa yamelowekwa baharini, yaache yanyeshewe na mvua kwanza ili chumvi itoke. Vifuu navyo ni kuni nzuri na hutoa makaa yenye moto mkali, na kilichochongwa vizuri ni upawa. Lisilokubalika ni kuviacha uani vimeangalia juu, kwa sababu kifuu chenye maji ya mvua ni kitalu cha mbu wa Aedes, yule anayeng'ata mchana na kueneza homa ya dengi.

Kanga zilizochakaa hazihitaji maelezo mengi. Kata vipande vya kufutia jikoni badala ya karatasi za kununua, shona nepi za mtoto, au kunja tabaka mbili ushone mfuko wa sokoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar tangu mwaka 2006, lakini kikapu cha ukili na mfuko wa kitambaa bado havijarudi mikononi mwa wote. Kitambaa kilichokwisha kabisa kinaweza kuingia katika mboji ikiwa ni pamba tupu. Choma uzi mmoja ujue: pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini, na uzi wa plastiki huyeyuka ukaganda kuwa kidonge kigumu.

Mafuta yaliyokaangiwa yakimwagwa mtaroni huganda na kuuziba. Yanaweza kufanywa sabuni ya kufulia na kusafishia sakafu, lakini nasema wazi kwamba kazi hii ni ya mtu mzima mwenye mizani, glavu na miwani, na watoto wasiwepo. Chuja mafuta kwa kitambaa. Kwa kilo 1 ya mafuta ya alizeti au mawese, pima gramu 130 za kostiki soda na gramu 330 za maji. Mimina soda ndani ya maji kidogo kidogo, na kamwe usimimine maji juu ya soda, kwa kuwa joto lake huweza kurusha dawa usoni. Fanya nje penye hewa, katika ndoo ya plastiki nene, wala usitumie sufuria ya aluminiamu, ambayo soda huila. Mchanganyiko ukishapoa, uchanganye na mafuta, koroga mpaka uwe mzito kama uji, mimina katika boksi lililotandikwa karatasi ya nailoni, kata vipande kesho yake, na viache vikauke kwa wiki 4 au zaidi kabla ya kutumia. Kipimo cha mafuta ya nazi ni kingine, kwani huhitaji soda nyingi zaidi, kwa hiyo usivichanganye viwili hivi kwa kukisia.

Chupa za plastiki nimeziacha nyuma kwa makusudi. Maua na taa za chupa ninazoziona zikifundishwa maskulini ni kazi za mikono nzuri, ila hazipunguzi taka. Huziahirisha tu, tena plastiki ikipigwa na jua humeguka kuwa vipande vidogo ambavyo hakuna awezaye kuviokota. Ninayoikubali ni ile inayofanya kazi: toboa matundu machache kwa msumari wa moto, kata kitako, ifukie chupa pembeni mwa mtungule huku mdomo wenye kifuniko ukiangalia chini, na ujaze maji yapenye polepole kwenye mizizi. Nyumba moja haihitaji nyingi za namna hiyo. Zilizobaki zioshe, zikandamize uziweke katika polo la vikavu kwa ajili ya wanunuzi. Usizichome, na bomba chakavu za maji zilizotengenezwa kwa plastiki ya PVC usizikaribishe motoni hata kidogo, kwa sababu moshi wake hubeba dioksini, sumu inayodumu mwilini kwa miaka.

Betri, balbu za mwanga mweupe na dawa zilizopitwa na wakati hazina mradi wowote wa nyumbani, na mimi siwezi kukupa. Zisiingie katika lundo kwa hali yoyote, kwa kuwa madini mazito ya betri hayaozi, na mchicha utakaopandwa hapo utayanyonya. Zitie katika chupa kavu yenye kifuniko, uiandike kwa kalamu ya wino mzito, na uiweke juu mahali watoto wasipofika, mbali na polo la vikavu na mbali na ndoo ya mbichi.