Kereng'ende wanaofanana: jina lisubiri ushahidi

Karibu kila bwawa la Afrika Mashariki lina kereng'ende wembamba, wale ambao wengi wao hukunja mabawa mgongoni wanapotua. Akionekana mweusi mgongoni, mwenye buluu inayong'aa karibu na ncha ya mkia, wakusanyaji wengi wa taarifa humwandika papo hapo Ischnura senegalensis. Mara nyingi hupatia, maana huyo ameenea kote. Ila Azuragrion nigridorsum naye ana mgongo mweusi na buluu mkiani, naye hupenda maji yaliyotulia.

Tazama kwanza doa lililo karibu na ncha ya bawa la mbele. Dume wa Ischnura ana doa la rangi mbili, jeusi na jeupe. La mwenzake ni la rangi moja. Ni dogo kuliko punje ya mtama, kwa hiyo tumia lenzi ya mkononi au picha ya karibu. Jihadhari na majike wa Ischnura: baadhi yao huvaa rangi za dume.

Mtihani hasa ni jenasi ya Pseudagrion, yenye spishi nyingi mno barani. Madume wengi wakikomaa hupata unga wa kijivu unaofunika michirizi, na hapo rangi haikusaidii tena. Kinachoamua ni vibano vya mwisho wa mkia, ambavyo dume humkamatia jike wakati wa kujamiiana, kwani umbo lake hutofautiana kati ya spishi na spishi. Mnase kwa wavu, upige picha ya vibano kwa juu na kwa ubavuni, kisha umwachie.

Vibano visipoonekana vizuri, andika "Pseudagrion sp.", yaani spishi ya Pseudagrion isiyotambuliwa, uishie hapo. Nalisisitiza hili kwa sababu jina la kukisia likishaingia kwenye ramani ya mtawanyiko ni kazi kulitoa, na ramani hizo ndizo hutumika kupima hatari ya spishi kutoweka. Kereng'ende mwembamba Amanipodagrion gilliesi anajulikana milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, pekee. Rekodi moja potofu kutoka mlima mwingine ingempa makazi asiyokuwa nayo.

Pamoja na picha, weka tarehe, jinsia, majiranukta ya mahali kutoka GPS, mwinuko, na aina ya maji: kijito chenye kivuli si sawa na bwawa la wazi. Asiyelingana na maelezo yoyote usimlazimishie jina. Mwaka 2015 watafiti walitangaza spishi mpya 60 za kereng'ende wa Afrika katika chapisho moja.