Huyu aliyekuja na ambulensi, leseni yake iko wapi?

Ambulensi ikifika, wengi huangalia king'ora na rangi ya gari. Mimi hufunza wahudumu wa dharura hapa Nairobi, na jicho langu huenda moja kwa moja kwenye mtungi wa oksijeni. Mtungi mdogo wa lita 340, ukifunguliwa kwa lita 10 kwa dakika, huisha baada ya dakika 34. Sasa mtoe mgonjwa Kitengela saa kumi na moja jioni, umpeleke Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na magari yamekwama tangu Mlolongo. Mhudumu aliyesoma hupiga hesabu hiyo kabla mlango haujafungwa, akabeba mtungi wa pili au akatafuta hospitali ya karibu. Ambaye hakusoma ataijua njiani, midomo ya mgonjwa ikianza kugeuka rangi.

Ukiwa umelala kwenye machela huwezi kumtofautisha wa kwanza na wa pili. Lazima mwingine awe amekutofautishia mapema, na kazi hiyo ndiyo tunayoiita usajili na utoaji leseni.

Haki yenyewe imeandikwa wazi. Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza kwamba matibabu hayo ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitali, kuituliza hali ya mgonjwa, na kupanga ahamishwe pale kituo cha kwanza kinapozidiwa. Kituo chenye uwezo kikikataa kumhudumia, kinaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Huduma za ambulensi nazo zimewekwa mikononi mwa kaunti.

Pengo liko kwa watu wenyewe. Daktari ana baraza lake, muuguzi ana lake, tabibu (yule aitwaye "clinical officer") ana lake, yote yakiwa na sheria ya Bunge nyuma yake. Daktari huomba leseni upya kila mwaka. Akilalamikiwa ataitwa ajieleze, na kosa likiwa kubwa anaweza kusimamishwa kazi. Wahudumu wa dharura pia wana baraza, nalo limejitahidi sana kuwasajili wenzetu, lakini lilianzishwa na wanataaluma wenyewe na halina sheria yake kama hayo matatu. Kwa hiyo mhudumu aliyefukuzwa kwa uzembe na kampuni moja anaweza kuvaa sare ya kampuni nyingine wiki ijayo, na mwajiri mpya asijue lolote. Naliona hili kuwa jambo zito. Huyu ni mtu anayefungua njia ya hewa, anayechoma sindano, anayeamua mwenye jeraha la shingo ainuliwe vipi kutoka kwenye matatu iliyobingirika.

Wengi tunakumbuka Oktoba 2015, majeruhi wa ajali ya barabarani alipokaa ndani ya ambulensi kwa saa 18, akizungushwa hospitali hadi hospitali jijini humu kwa kukosa kitanda cha wagonjwa mahututi. Alifariki. Lililojadiliwa sana wakati ule ni vitanda, na ilistahili. Mimi huwafikiria pia wahudumu waliokuwa naye ndani ya gari. Kwa saa zote hizo maisha yake yalikuwa mikononi mwao.

Je, mwananchi afanye nini? Barabarani, usimzuie mhudumu kwa maswali. Mwache afanye kazi. Wanaopaswa kuuliza ni wale wenye nafasi: mkuu wa shule anayetia saini mkataba wa ambulensi, meneja wa kiwanda Industrial Area, mwandalizi wa mechi Kasarani, kamati ya mtaa. Ombeni majina ya wahudumu watakaokuja, cheti cha kila mmoja, chuo kilichomtoa na namba ya usajili, kisha mpigie chuo hicho simu. Kampuni inayojiheshimu haikasiriki. Mkiambiwa tu kwamba "vijana wetu wana uzoefu," tafuteni kampuni nyingine. Vilevile mgonjwa anapohamishwa kwa mpango, tuseme mama mjamzito kutoka kliniki ya Embakasi kwenda Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, familia ina dakika chache za kuuliza nani atakaa nyuma naye. Dereva peke yake hatoshi.

Mambo yakienda vibaya, andika namba ya gari, jina la kampuni, saa waliyofika na saa waliyomkabidhi mgonjwa, na uombe nakala ya fomu ya makabidhiano. Sheria ya 2017 iliunda Mamlaka ya Usimamizi wa Taaluma za Afya, na kupokea malalamiko ya wagonjwa ni mojawapo ya kazi zake. Kama aliyekosea ni daktari, muuguzi au tabibu aliyekuwa ndani ya gari, peleka lalamiko kwa baraza lake. Liwe kwa maandishi, na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.