Miti pekee haifuti moshi wote

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye magrupu: pandeni miti, hewa ukaa yote itafyonzwa, mafuta tuendelee kuchoma. Si kweli. Mti huifyonza hewa hiyo unapokua, lakini ukiungua au kuoza, sehemu kubwa hurudi angani. Binadamu hutoa takriban tani bilioni 40 za hewa ukaa kwa mwaka. Zinazoondolewa kwa juhudi zetu, karibu zote kwa misitu, ni kama bilioni 2 tu. Hakiki mwenyewe: vipimo vya hewa ukaa vya kituo cha mlima Mauna Loa, Hawaii, viko wazi mtandaoni. Mwaka 1958 vilionyesha takriban sehemu 315 za hewa ukaa katika kila sehemu milioni za hewa. Sasa zimepita 420. Watu huchanganyikiwa kwa kuwa nusu ya ujumbe ni sahihi. Ukiupokea, tafadhali usiusambaze. Miche, endelea kupanda.