Nimekualika kwenye faili, mbona hupati taarifa? Dhana potofu na ukweli

Kamati nyingi za harusi hapa Dar siku hizi michango inaandikwa Google Sheets (majedwali ya mtandaoni ya Google), katibu yuko Tabata, mweka hazina Mbezi, mwenyekiti kila wiki yuko safarini, faili ni moja wote wanaliona. Balaa linaanza mtu akisema "mimi sijapata taarifa yoyote", hapo kila mmoja ana maelezo yake na mengi sio ya kweli.

Kubwa kuliko yote ni hii: "si nimeshakupa ruhusa ya kuediti, basi notifikesheni zitakuja." Hapana. Ruhusa ya kufungua faili anaitoa mwenye faili, ila ruhusa ya simu kukuletea taarifa unaitoa wewe mwenyewe kwenye simu yako, na mwenye faili hata awe nani hawezi kukuwashia. Kuanzia Android 13 iliyotoka 2022 programu inatakiwa ikuombe kwanza, sasa wengi wetu kile kidirisha kikitokea tunabonyeza kukataa ili tuendelee na mambo yetu, ukikataa mara mbili hakirudi tena. Ingia setingi za simu, nenda kwenye programu, fungua Drive (ghala la mafaili la Google) na Sheets zote mbili, washa arifa. iPhone ndo kabisa, inauliza mara moja tu.

"Nikibadilisha namba kila mwanakamati anajulishwa." Wapi! Sheets haimjulishi mtu mabadiliko mpaka mwenyewe aombe. Kwenye kompyuta fungua menyu ya zana, kuna mipangilio ya arifa, unachagua uletewe imeili papo hapo au muhtasari mmoja kwa siku, na kila mtu anajiwekea yake, mweka hazina akijiwekea haimaanishi mwenyekiti naye kapata. Na usijaribu kwa kuandika 50,000 kwenye mstari wa shangazi halafu ukae unasubiri imeili, mabadiliko yako mwenyewe huletewi, mwambie mwingine aguse. Ukitaka mtu fulani aone kitu fulani weka komenti kwenye hicho kisanduku, andika @ na imeili yake, "ahadi ya baba mdogo imelipwa au bado?", hiyo inamfuata kwenye imeili labda tu awe kazizima komenti. Ila kama ulimpa ruhusa ya kutazama tu usitegemee akujibu humo, hawezi kukomenti.

Wengine wanasema "nilitupa linki kwenye grupu la WhatsApp, wote wamealikwa." Linki iliyo wazi kwa yeyote haialiki mtu. Anayeingia bila kulogini anaonekana kama mnyama asiye na jina, unakuta Kapibara kafungua faili la michango (na hatujui Kapibara kaahidi shilingi ngapi), mfumo utamtumia imeili wapi?

Kuna wanaolaumu nukta, eti imeili haijafika kwa sababu waliiandika bila nukta. Kwa Gmail ya kawaida nukta hazihesabiwi, uziweke usiziweke inafika pale pale. Kinachosumbua ni mtu mwenye akaunti mbili, ya kazini na ile aliyofunguliwa na fundi Kariakoo siku ananunua simu, wewe umealika hii yeye anashinda kwenye ile. Mwambie afungue Drive, aangalie sehemu ya mafaili aliyoshirikishwa, kisha abadilishe akaunti kwa kubonyeza picha yake pale juu aangalie tena. Faili likiwepo na imeili hakupata, acheki folda ya spam kwanza, au labda wewe ulitoa tiki kwenye kiboksi cha kuwajulisha watu wakati unamwalika. Lisipokuwepo kote, ulikosea anwani, mwalike upya.

Na bando? Bando likiisha imeili haipotei, inasubiri mpaka data irudi. Kwenye Tecno na Infinix mi naanza kuangalia ile ya kuokoa betri, inalaza programu kimya kimya na taarifa ya asubuhi unaipata jioni ukifungua mwenyewe, kwa hiyo iambie simu isizibane Gmail na Drive.